Vijiko Vitatu vya Mafuta ya Karafuu

Kahawa ilimtoka Himid puani kabla hajajua kuwa ameinywa.

Nililiona hilo kwa macho yangu haya mawili, na safari hii sitii chumvi. Michirizi miwili myeusi iliteremka juu ya masharubu meupe aliyoyatunza miaka arubaini, ikaingia kwenye kola ya shati, naye bado kakishika kikombe, ananitazama kama mtu anayengoja kuulizwa kama kahawa imekolea. Kisha kile kipande cha halua nilichomtia mdomoni kwa vidole vyangu mwenyewe kikapotea. Hakukimeza. Kilipotea tu, kama kitu kilichodondokea kisimani, ukatega sikio na usisikie mlio wake.

Akataka kukohoa. Kikohozi hakikuja. Badala yake ilikuja sauti nyembamba, kama ya mlango wa kabati unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Macho yakamtoka. Midomo ikaanza kugeuka zambarau.

"Himid," nikamwambia, "acha mchezo."

Lakini mwenye mchezo nilikuwa mimi. Himid hakuwahi kucheza na kitu maishani mwake.

Watu wa Barking, huku London, wananijua kwa jina la Matar Chumvi. Jina la pili sikupewa na baba yangu, nimelichuma mwenyewe. Nilikusanya tikiti getini pa stesheni ya treni kwa miaka ishirini na tisa, na mtu aliyesimama mahali pamoja muda wote huo, watu wakimpita kama mvua, lazima ajitafutie la kufanya kwa ulimi. Niliwaambia watu kuwa simba aliyetoroka sarakasi alishuka kwenye treni ya Upminster, nami nikamwamuru asimame upande wa kulia wa ngazi za umeme kama abiria wengine, akatii. Niliapa kuwa baridi ya mwaka wa sitini na tisa iligandisha maneno midomoni mwa watu, ikabidi tuyapashe moto kwenye sufuria ndipo tujue nani kamtukana nani. Watu walicheka, wakaniongezea chai, na mimi nikaongeza simba wa pili.

Nilipostaafu nikahamia maktaba. Shule niliiacha kwetu Wete, Pemba, nikiwa darasa la sita, kwa hiyo nilikuwa na njaa ya kusoma. Nilikaa kwenye rafu ya vitabu vya tiba, nikaanza na mifupa, nikaenda kwenye damu, nikafika kwenye utumbo. Muda si muda wazee wenzangu msikitini wakawa wananiletea barua zao za hospitali niwasomee, na wengine wakaniita daktari. Nilikataa mara moja, kwa adabu. Mara ya pili sikukataa.

Himid alikuwa kinyume changu. Tulifika London mwaka mmoja, miaka minne baada ya Mapinduzi, tukalala chumba kimoja, tukala sahani moja. Yeye akaingia kiwanda cha makoti kule East End, akashona mpaka mgongo ukakunjika. Alikuwa mtu wa kipimo. Hakukata kitambaa bila kukipima mara mbili, na hakufungua mdomo bila kulipima neno vivyo hivyo. Nikisimulia mbele yake hakunipinga. Aliniangalia tu, akatabasamu chini ya masharubu, kama fundi anayeliona vazi limempwaya mtu na hataki kumwaibisha.

Februari ya mwaka elfu mbili na kumi na mbili ikamjia barua. Tumbo lilikuwa likimchoma miezi mitano, uzito unashuka, na daktari wake akataka apitishwe mpira wenye kamera kooni mpaka tumboni. Barua ilimpa chaguo: achomwe sindano ya usingizi, au apuliziwe kooni dawa ya ganzi, abaki macho. Usingizi aliukataa papo hapo. Nduguye Hamad alilazwa kwa sindano ya usingizi apasuliwe ngiri, wala hakuamka. Ikabaki ganzi, na hiyo nayo ikamtisha: atakabwa, atatapika mbele ya watu, mpira utapotea njia. Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye boksi la vifungo. Maana yake haendi.

Mkewe, Bi Raya, akanipigia simu. Mwanamke yule haombi. Siku ile aliomba.

"Shemeji, mtie moyo. Kama ni ugonjwa mbaya, kila wiki ina thamani. Weye si uliumeza mpira huo mara mbili?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Nililisema msikitini, kinyozini, na hata kwenye harusi ya watu nisiowajua. Nilisema niliumeza kama tambi, na mara ya pili nikamwomba daktari anigeuzie skrini nijionee. Ukweli ni kwamba mwaka tisini na tisa nilifika mpaka mlangoni mwa chumba hicho, nikamsikia mtu ndani akihangaika na koo lake, nikatoka kwa mlango wa dharura nimevaa lile gauni lao lililo wazi nyuma. Hakuna aliyejua.

Ningeweza kumwambia Bi Raya hapo hapo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, miye ninayo dawa.

Na kweli nilikuwa nayo. Chupa ya mafuta ya karafuu, matupu, yasiyochanganywa na kitu, niliyoletewa kutoka Wete na binamu yangu. Kwetu jino likiuma unatia tone kwenye pamba, unaibana juu yake, na baada ya muda unaweza kuling'ata bao la mbuzi ya kukunia nazi usihisi. Nikapiga hesabu zangu za maktaba: kinacholaza jino kitalaza koo. Himid asukutue karafuu kwanza, halafu dawa ya hospitali ije juu yake. Ganzi juu ya ganzi, kama mtu anayevaa makoti mawili wakati wa theluji. Nilifurahi mwenzenu, nilifurahi hata nikashindwa kukaa kitini. Wazo lilikuwa langu, la asili yetu, na madaktari wa London wote hawalijui.

Nikamweleza Himid, naye akaitoa barua kwenye boksi la vifungo. Asubuhi ya siku yenyewe tukapanda basi. Himid alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na hilo halikumpa tabu, kwa maana watu wanaofunga mwezi mzima hawatishwi na saa sita za kukaa bila kula. Tulipofika nikampeleka msalani, nikajaza vikombe vya karatasi maji ya vuguvugu, nikapima mafuta, kijiko kimoja cha chai kila kikombe. Akakitazama kikombe. Mafuta yalikuwa yanaelea juu yakimetameta.

"Hii haitatengua?" akaniuliza, kama vile tupo Ramadhani.

"Kusukutua hakutengui kitu. Unasukutua, unatema, basi."

Akasukutua. Machozi yakamtoka, akakunja uso, akatema. Nikampa cha pili. Baada ya cha pili akasema ulimi wake umekuwa wa mtu mwingine, nami nikafurahi zaidi. Cha tatu nikamwambia asiteme chote, aachie kidogo kiteremke, maana mpira hauishii mdomoni. Akanitazama. Lakini mimi ndiye niliyeumeza mara mbili, bwana. Akaachia.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, nywele kazifunga nyuma, kibao cha jina kifuani kimeandikwa Jaswinder. Nilizungumza naye Kiingereza, kile changu cha getini. Akafungua fomu yake. Amekula? Himid akatikisa kichwa. Amekunywa? Akatikisa kichwa. Ametumia dawa yoyote asubuhi hii? Akatikisa kichwa, kwa moyo mweupe wa mtu aliyefunga. Wala hakudanganya, muelewe hilo. Sisi tunasukutua kila udhu, mchana wa Ramadhani, wala hakuna anayesema tumekunywa. Kwake yeye yale hayakuingia kwenye swali.

Kwangu yaliingia. Nilikuwa nimesoma. Nilijua karatasi ile inataka kuambiwa kila kitu. Nikawa nafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Baada ya dakika ishirini daktari alitoka mwenyewe mpaka mlangoni, kijana mrefu mwenye viatu vya plastiki, akaniambia mzee ameumeza mpira vizuri kuliko mgonjwa yeyote aliyemwona wiki ile. Hakukohoa, hakukabwa, hakushtuka. Nikavimba kama andazi. Nilikuwa tayari nimeanza kuitunga hadithi yenyewe, na ndani yake daktari alikuwa ananiomba chupa.

Jaswinder akamkalisha Himid kwenye kiti cha kupumzikia, akatueleza polepole. Saa nzima asile wala asinywe. Koo lenye ganzi halina mlinzi, akasema. Chakula kinachotakiwa kwenda tumboni kinaweza kuingia mapafuni na mwenyewe asijue. Saa ikitimia atakuja na maji baridi, atampa funda moja mbele yake, amwone anavyomeza. Ndipo mengine yafuate.

Saa ikatimia. Nilikuwa na chupa ya kahawa ya tangawizi na kopo la halua, kwa kuwa mtu haendi kumngoja mwenzake hospitali mikono mitupu. Jaswinder akapita anakimbilia kwa mgonjwa mwingine, akauliza kwa mbali kama koo limerudi. Aliyeulizwa ni Himid. Aliyejibu ni mimi. Nikasema limerudi kabisa. Akasema vizuri, tungoje, analeta maji.

Hatukungoja. Mimi sikungoja. Nikamimina.

Mengine mmeshayaona.

Nilipiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. Jaswinder akaja mbio, akamwinamisha Himid na kumpiga mgongoni kwa kiganja, mara tano, kama anayekung'uta zulia. Akamzunguka, akafunga mikono chini ya mbavu zake, akavuta. Akavuta tena. Halua ikaruka, ikatua kwenye kiatu changu. Himid akapata pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa mbaya kuliko ukimya: kifua kilikoroma kama gunia la kokoto linaloburutwa. Alipotema, mate yalikuwa na damu.

Watu wakajaa. Oksijeni ikaja, kitanda kikaja, daktari wa viatu vya plastiki akaja, akammulika kooni kwa tochi. Uso wake ukabadilika. Koo limevimba, jekundu kama limeunguzwa, na saa nzima baada ya dawa bado halihisi kitu. Aliligusa kwa kijiti na Himid hakushtuka. Wakaanza kusemezana upesi, nami nikakamata niliyoyakamata. Huenda mwili umeikataa dawa. Huenda mpira umemchana ndani. Mmoja alikuwa tayari kwenye simu anamwita daktari wa upasuaji, chumba kitayarishwe.

Hapo ndipo Bi Raya alipoingia. Alikuwa amekuja kumchukua mumewe. Akasikia habari ya upasuaji, akashika chuma cha kitanda.

Daktari akatugeukia, akauliza kama kuna kitu chochote kingine mzee alichotumia. Chochote. Bi Raya akanitazama, maana aliyekuwa naye ni mimi.

Nikafungua kinywa. Na mnajua kilichotoka? Nikaanza kumwambia daktari kuwa huko Pemba, katika shamba la babu yangu, kulikuwa na mkarafuu mmoja ambao hata ndege...

Jaswinder akanishika kifundo cha mkono. Akaongea Kiswahili. Miaka yote ile London sijapata kuogopa Kiswahili kama siku ile.

"Mzee, mimi ni mtu wa Nakuru, nimezaliwa huko. Sasa nisikize. Hadithi utaniambia siku ingine. Nataka vitu vitatu tu: ni nini, ni kiasi gani, na ni saa ngapi."

"Mafuta ya karafuu," nikasema. "Alisukutua. Kijiko kimoja."

Akamtafsiria daktari. Daktari akakunja uso. Kijiko kimoja cha kusukutua hakikutosha kuieleza hali aliyoiona. Akaigeukia simu. Kitanda kikaanza kusukumwa.

Ngoja niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiongeza. Simba mmoja kuwa wawili, baridi ya wiki kuwa ya mwezi. Sikuwahi kudhani kuwa kupunguza ni kazi ile ile. Nilisimama pale nimeishika idadi mkononi, idadi ndogo tu ambayo mtoto wa chekechea anaihesabu, na ilikuwa nzito kuliko kitu chochote nilichopata kukibeba. Ningeweza kuiacha. Wangemfungua Himid kifua, wasikute tundu, wakamshona, na mzee wa miaka sabini na mbili pengine angeamka, pengine angekwenda alikokwenda Hamad. Na mimi ningebaki yule aliyeumeza mpira mara mbili.

Magurudumu yalikuwa yamekwisha pita mlango wa kwanza.

"Vitatu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa mno, watu wote wakageuka. "Vijiko vitatu vya chai. Mafuta matupu. Mara tatu, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu. Mara mbili alitema yote. Ya tatu alimeza kidogo, mimi ndiye niliyemwambia ameze. Na halua nilimpa mimi, na kahawa, na koo nilisema limerudi bila kumuuliza."

Jaswinder aliyarudia kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari akaweka mkono juu ya kitanda, kikasimama.

Bi Raya hakupaza sauti. "Nani alikufundisha hayo, Matar?"

Hakuniita shemeji.

"Hakuna. Na mpira huo sijawahi kuumeza. Nilikimbia mlangoni."

Wakapiga simu kwa watu wanaojua mambo ya sumu. Wakampiga picha kifua na shingo kwanza, kabla ya kisu. Hakukuwa na mchano popote. Koo lilikuwa limeunguzwa na mafuta, likalazwa na mafuta na dawa kwa pamoja, na kahawa ilikuwa imeingia pafu la kulia. Daktari wa upasuaji akarudishwa alikotoka. Himid akapelekwa wodini na mpira wa oksijeni puani, na kwa siku mbili hatukujua kama atapona.

Alikaa siku tisa. Pafu lilishika homa, wakampiga dawa za mshipani. Mimi nilikuwa nikija kila siku na kukaa chini, karibu na mlango mkubwa, pamoja na wagonjwa wanaotoka kuvuta sigara. Juu sikupanda. Bi Raya alinipita asubuhi na alasiri na vyombo vyake vya uji, wala hakugeuza shingo, nami sikumlaumu.

Siku ya nne Jaswinder akateremka ananitafuta. Kumbe alikuwa akipita wodini kila akimaliza zamu, kabla ya safari yake ndefu ya kurudi Southall. Akanipa kipande cha karatasi. Himid alikuwa hajaweza kusema, lakini mwandiko ulikuwa wake, herufi zimesimama kama zimepimwa kwa futi: *Mleteni Matar.*

Nilipoingia, Bi Raya akainuka akatoka. Nikakaa. Himid akanitazama, kisha akajaribu sauti, ikatoka kama redio iliyo mbali na stesheni.

"Kweli ulikimbia?"

"Kweli."

"Ulitokea mlango gani?"

"Wa dharura. King'ora kikalia jengo zima. Na gauni liko wazi nyuma."

Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, akakohoa, akacheka tena, mashine ikapiga kelele, nesi wa zamu akaja akanifukuza. Nilishuka ngazi kwa miguu, ghorofa tano, moyo unanienda mbio kama wa kijana. Kikohozi kile kilikuwa kizima. Kilikuwa na nguvu, kilitoka chini kabisa, na yule aliyekohoa alikihisi.

Tumbo lenyewe, kamera ilikuwa imelipata jibu lake siku ile ile: kidonda, si ule ugonjwa tuliouogopa. Wakampa vidonge vya wiki nane, kisha arudi wamtazame tena kama kimefunga.

Wiki nane zikaisha. Himid akasema bila Matar haendi. Nasikia Bi Raya aligombana naye mchana kutwa, na Himid, ambaye hakuwahi kushinda ugomvi ndani ya nyumba ile, akashinda. Basi asubuhi ile tukakutana kituoni, na kabla basi halijafika Bi Raya akanisachi. Mifuko ya koti, ya suruali, ya shati. Akanivua kofia akaichungulia ndani. Watu wa foleni wakadhani mimi ni mwizi. Nilisimama nimeinua mikono.

Hospitali, Jaswinder alikuwa mezani na fomu yake. Akamwuliza Himid kama amekula, amekunywa, ametumia chochote.

Himid akaninyooshea kidole. "Muulize huyu."

Bi Raya akageuka. Jaswinder naye akaacha kuandika, akaniangalia juu ya miwani.

"Maji," nikasema. "Nusu glasi, jana saa nne usiku, na kidonge chake cha tumbo. Tangu hapo hakuna kitu. Alfajiri alisukutua kwa ajili ya udhu. Maji ya bomba."

"Mara ngapi?" akauliza Jaswinder.

"Mara tatu. Alitema zote. Nilimuuliza kituoni."

Akaandika. Himid akavua saa yake na koti, akavikunja vizuri, akamkabidhi mkewe, akaingia ndani. Mlango ukajifunga wenyewe polepole, kama milango yao inavyojifunga.

Palikuwa na viti viwili ukutani. Kimoja alikaa Bi Raya, cha pili aliweka mkoba wake. Mimi nikasimama, mikono nyuma, nikiutazama mlango. Ndani hakukusikika mtu kukohoa wala kukabwa, ila sauti ya daktari ikisema jambo kwa utaratibu.

Baada ya muda Bi Raya akaunyanyua mkoba, akauweka mapajani.

Nikakaa.